Uhuru wa 1961: bili ilikuwa ya nini, na nani aliilipa?

Kila mwaka Desemba inapokaribia, tunapokea ujumbe mwingi kutoka kwenu kuhusu Uhuru. Wengi mnauliza habari za Mwenge kule Kilimanjaro, za Mwalimu na za TANU. Lakini msikilizaji mmoja alituandikia swali fupi ambalo lilitunyamazisha studio nzima: "Waingereza walipoondoka walituachia fedha au walituachia deni?"

Jibu fupi ni kwamba walituachia vyote viwili. Jibu refu ndilo hili hapa. Tumeliandika kwa sababu hewani muda hautoshi, na kwa sababu hesabu ya mwaka 1961 bado ina mambo ya kutufundisha kila tunapoahidiwa kitu kipya, iwe ni wilaya, zahanati au bomba la maji.

Gharama za aina tatu

Tuanze na jambo la nyumbani. Kijana anapoondoka kwa wazazi kwenda kujitegemea, hukutana na gharama za aina tatu.

Ya kwanza ni gharama ya kuanzia: godoro, sufuria, ndoo, kodi ya chumba. Hiyo hulipwa mara moja tu.

Ya pili ni gharama ya kila siku: unga, mkaa, sabuni, vocha. Hiyo haiishi maadamu anaishi.

Ya tatu ni deni la zamani. Baba anaweza kumwambia: "Pale dukani tuna deni la sukari. Na wewe ulikunywa ile chai, kwa hiyo changia." Hapo ndipo ugomvi huanza.

Nchi inayopata uhuru hupitia mambo hayohayo matatu. Inalazimika kuanzisha ofisi ambazo haikuwa nazo, kuendesha zile ilizozikuta, na kukubaliana na mkubwa anayeondoka kuhusu madeni. Tofauti ni kwamba mkubwa huyo ndiye aliyekuwa anashika daftari la hesabu.

Miezi tisa ya kujipanga

Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikuwa msimamizi tu. Septemba 1960 Julius Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi. Machi 1961 ulifanyika mkutano Dar es Salaam uliohudhuriwa na Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, na hapo ikakubalika kwamba uhuru kamili ungepatikana Desemba mwaka uleule. Tarehe 1 Mei 1961 nchi ikaanza kujitawala kwa mambo ya ndani, Nyerere akiwa Waziri Mkuu.

Kutoka Machi hadi Desemba ni miezi tisa, muda wa mimba moja. Katika muda huo serikali ilipaswa kujua fedha zingetoka wapi, nani angefanya kazi maofisini, na nani angelipa wale wanaoondoka.

Waziri wa fedha alikuwa Sir Ernest Vasey, Mwingereza ambaye kabla ya hapo alikuwa waziri wa fedha nchini Kenya. Wapo watakaoshangaa kwamba chama cha ukombozi kilimwachia mgeni ufunguo wa hazina. Lakini tazama hali ya watumishi ilivyokuwa, ndipo utaelewa.

Nani alikuwa ofisini?

Desemba 1961 serikali ilikuwa na watumishi 4,452 wa ngazi ya juu na ya kati. Hawa ni mabwana shauri wa wilaya, madaktari, wahandisi, mabwana shamba wakuu, wakaguzi wa hesabu na wengine wa aina hiyo. Kati yao, raia wa Tanganyika walikuwa 1,170. Waliobaki, 3,282, walikuwa wageni, na wengi wao walikuwa Waingereza.

Kwa maneno mengine, katika kila viti vinne vya ngazi hiyo, vitatu vilikaliwa na mtu ambaye angeweza kufunga mizigo yake na kuondoka. Katika mazungumzo ya miaka yake ya mwisho, Mwalimu alisema kwamba tulianza uhuru tukiwa na madaktari 12 na wahandisi wawili.

Kwa hiyo serikali mpya ilibanwa pande mbili. Wananchi walitaka kuwaona Waafrika maofisini mara moja, na walikuwa na haki ya kutaka hivyo. Lakini kama wageni wote wangeondoka siku moja, hospitali zingefungwa na mishahara isingelipwa, kwa kuwa hata mwandishi wa hundi angekuwa hayupo.

Bili ya kwanza: fidia ya wanaoondoka

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Afisa wa Kiingereza aliyeajiriwa katika utumishi wa kikoloni alikuwa na ahadi ya kazi hadi kustaafu. Uhuru ulipokuja, alihesabiwa kuwa amepoteza kazi yake ya maisha. Kwa hiyo alistahili fidia, mbali na pensheni yake.

Nani alipe? Uingereza ilikuwa imetangaza utaratibu kwa makoloni yake yote yaliyokuwa yakielekea uhuru. Kwa afisa anayebaki kazini, Uingereza ingelipa ile nyongeza ya mshahara iliyomvutia kuja ng'ambo, na serikali ya nchi mpya ingelipa mshahara wa kawaida wa cheo chake. Kwa fidia ya kupoteza kazi, gharama iligawanywa nusu kwa nusu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Nusu ya fidia ya afisa wa kikoloni ilibebwa na nchi iliyokuwa ikitoka ukoloni. Na kwa kuwa hazina haikuwa na fedha za kutosha, njia iliyopatikana ilikuwa kukopa Uingereza kwenyewe ili kulipa fungu hilo. Fedha ilitoka London, ikahesabiwa kuwa deni la Dar es Salaam, kisha ikarudi mifukoni mwa watu waliokuwa wakielekea London.

Kwa nini viongozi wetu walikubali? Kwa sababu utaratibu huo uliwapa maafisa moyo wa kubaki kwa muda. Asiye na uhakika wa haki yake huondoka haraka. Serikali ilinunua muda wa kusomesha watu wake, na muda huo haukuwa wa bure.

Watu walisomeshwa kweli. Desemba 1962 raia katika ngazi hizo walifika 1,821, na Desemba 1963 walikuwa 2,469 kati ya watumishi 5,049, yaani karibu nusu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU. Hakikungoja majengo yake.

Bili ya pili: maendeleo ya miaka mitatu

Kuendesha ofisi ni jambo moja. Wananchi walitaka pia barabara, shule na hospitali. Ukafanywa mpango wa maendeleo wa miaka mitatu, kuanzia mwaka wa fedha 1961/62 hadi 1963/64. Ulitegemea sana mapendekezo ya wataalamu wa Benki ya Dunia waliotembelea nchi kabla ya uhuru. Gharama yake ilikuwa pauni milioni 24. Wakati huo pauni moja ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki, kwa hiyo ni shilingi milioni 480 za siku zile.

Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitarajiwa kutoka nje, na mlango wa kwanza wa kubishwa ulikuwa wa Uingereza. Katikati ya 1961 Nyerere na Vasey walikwenda London. Kiasi walichotajiwa mwanzoni kiliwakatisha tamaa. Baada ya kuvutana, Uingereza iliongeza mkono, lakini somo lilikuwa limeshaeleweka: mwenye kuomba hapangi bei.

Mpango huo ulilazimika kuchagua. Kwa upande wa elimu, uliweka mkazo kwenye sekondari na vyuo kuliko shule za msingi. Kijijini uamuzi huo haukupendeza, kwa sababu mzazi alitaka mtoto wake wa miaka saba aanze shule. Lakini hesabu ilikuwa hii: bila wahitimu wa sekondari hapawezi kuwa na walimu, wauguzi wala makarani wa kushika nafasi za wanaoondoka. Mwaka uleule wa 1961 nchi ilipatwa na ukame, na mvua ziliporudi zilileta mafuriko. Fedha iliyopangiwa mengine ikahitajika kwa chakula.

Walichoamua kutokinunua

Kupanga gharama ni pamoja na kuamua kitu gani usikinunue kwa sasa. Hapa Tanganyika ilifanya jambo la busara. Reli, bandari, posta na simu, forodha na ukusanyaji wa kodi ya mapato vilikuwa vikiendeshwa kwa pamoja na Kenya na Uganda. Badala ya kuanzisha vyake, ilikubali viendelee kuwa vya pamoja chini ya shirika jipya la huduma za pamoja za Afrika Mashariki lililoanza Desemba 1961.

Fedha pia zilibaki zilezile. Shilingi ya Afrika Mashariki iliendelea kutumika hadi Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa Juni 1966. Kuanzisha benki kuu, kuchapisha noti na kuweka akiba ya kuzitetea ni gharama kubwa, nayo ikasogezwa mbele kwa karibu miaka mitano.

Mwalimu alikuwa tayari kwenda mbali zaidi. Mwaka 1960 alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika kidogo ili Kenya, Uganda na Tanganyika zipate uhuru zikiwa shirikisho. Jambo hilo halikutimia. Lakini linaonyesha alivyofahamu kwamba nyumba tatu zikichangia kisima kimoja, kila moja hulipa kidogo.

Mchango wa kijijini

Sasa tufike kwenu. Kaulimbiu ya wakati ule ilikuwa "Uhuru na Kazi". Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Mwaka huo wananchi kote nchini walihimizwa kujitolea. Wakafyeka barabara, wakafyatua matofali, wakajenga madarasa na zahanati kwa mikono yao. Ukiwauliza wazee wa kijijini kwako, huenda wakakuonyesha darasa au barabara ya siku zile.

Mchango huo hauonekani kwenye vitabu vya hazina, ingawa ulikuwa mkubwa. Kama kila siku ya kazi ingelipwa, bili ya uhuru ingekuwa nzito zaidi. Kwa hiyo kwenye lile swali la nani alilipa, jibu mojawapo ni babu na bibi zetu, kwa jembe.

Lakini hapo palitokea tatizo ambalo wapangaji hawakuliona mapema. Jengo la zahanati lilikamilika, mganga hakuwepo. Darasa likaezekwa, mwalimu hakupatikana. Wananchi walikuwa wamelipa gharama ya kuanzia, lakini mshahara na dawa ni gharama ya kila siku, na hiyo haikuwa kwenye bajeti. Baadhi ya majengo yalikaa bila kazi, na waliojitolea wakavunjika moyo. Ikabidi serikali isisitize kwamba miradi ya kujitolea ipatiwe kibali kwanza, ili mwenye kulipa mshahara ajue kinachojengwa.

Deni la zamani larudi: pensheni

Miaka ikapita, lakini lile deni la dukani halikusahaulika. Wale maafisa walioondoka waliendelea kulipwa pensheni na serikali yetu, hata kwa miaka waliyofanya kazi kabla ya uhuru. Mwaka 1968 Tanzania ilisema sasa basi. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu aliyefanya kazi chini ya serikali ya kikoloni aliitumikia Uingereza, kwa hiyo Uingereza ndiyo imlipe kwa miaka ile.

Uingereza ilijibu kwa kukata misaada. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Tanzania ilipovunja uhusiano wa kibalozi kwa sababu ya Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7.5 ulikuwa umezuiwa. Kwa hiyo serikali ilijua vizuri kinachoweza kutokea, lakini ilishikilia msimamo wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uingereza ilikubali kubeba yenyewe mzigo wa pensheni za maafisa wake waliotumika katika nchi zilizokuwa makoloni, na mwaka 1973 ikatungiwa sheria. Hoja iliyoonekana ya ukaidi mwaka 1968 ikawa utaratibu wa kawaida. Jambo lililosainiwa haraka mwaka 1961 lilichukua zaidi ya miaka kumi kurekebishwa.

Wenzetu walipita wapi?

Guinea, Septemba 1958, ilipiga kura kukataa mpango wa Ufaransa na kupata uhuru Oktoba 2. Ufaransa ilikata msaada na kuondoa watumishi wake kwa haraka, pamoja na vifaa. Guinea haikupewa muda wa kupanga chochote.

Kenya, iliyopata uhuru Desemba 12, 1963, ilikuwa na bili ya ardhi. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa, kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya Uingereza, na wakulima wadogo waliogawiwa wakatakiwa kurejesha fedha hizo. Wengi walihoji kwa nini walipie ardhi ambayo wazee wao walinyang'anywa.

Sudan Kusini ilizaliwa Julai 9, 2011, huku karibu mapato yote ya serikali yakitoka kwenye mafuta. Lakini bomba la kuyafikisha baharini lilipita Sudan, na bei ya kulitumia ilikuwa haijakubaliwa. Januari 2012, baada ya mabishano, Sudan Kusini ilisimamisha uzalishaji. Nchi changa ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila mapato hayo.

Na Scotland, ambako watu walipiga kura mwaka 2014 kuamua kama wajitenge na Uingereza, gharama zilibishaniwa kabla ya kura. Hazina ya Uingereza ilisema kuanzisha nchi mpya kungeweza kugharimu hadi pauni bilioni 2.7. Profesa Patrick Dunleavy, ambaye utafiti wake ulitumika kufikia hesabu hiyo, alilalamika kwamba umetumiwa vibaya, akasema gharama za kuanzia ni kati ya pauni milioni 150 na 200. Jambo ni moja, hesabu ni mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Anayetaka mabadiliko huhesabu za kuanzia peke yake. Asiyetaka hujumlisha kila kitu. Wascotland walikataa kujitenga kwa asilimia 55, ingawa gharama hazikuwa sababu pekee.

Hili linatuhusu nini leo?

Huenda unajiuliza: uhuru tumeshaupata, bili zimeshalipwa, mimi niko shambani, nifanye nini na habari hizi?

Fikiria pale serikali inapotangaza mkoa mpya, kama ilivyokuwa kwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012. Fikiria wilaya au kata inapogawanywa. Watu hushangilia, na wana sababu, kwa kuwa huduma zinasogea karibu. Lakini ni jambo lilelile la 1961 kwa umbo dogo. Kuna ofisi za kujenga. Kuna mishahara na mafuta ya magari kila mwezi. Kuna kugawana mali na madeni na wilaya mama.

Hata zahanati ya kijiji chako iko hivyo. Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukiitwa na mchango ukatajwa, simama uulize kwa heshima maswali manne:

1. Gharama ya kujenga ni kiasi gani, na nani analipa?
2. Likishakamilika, gharama ya kila mwezi ni kiasi gani, na iko kwenye bajeti ya nani?
3. Kuna deni la zamani tunalorithi?
4. Kuna kitu tunachoweza kuchangia na kijiji jirani badala ya kila mmoja kuwa na chake?

Mwenyekiti au diwani mwenye majibu atakushukuru kwa kuuliza. Asiye na majibu naye atakuwa amejua kwamba inabidi ayatafute.

Tukirudi kwa msikilizaji aliyetuuliza, tunamjibu hivi. Fedha zilikuja, na deni lilikuja nazo. Sehemu moja ililipwa na Uingereza, nyingine na hazina ya nchi changa, na nyingine kwa mikono ya wanavijiji ambao majina yao hayako kwenye kitabu chochote. Wangeambiwa mapema bili yote, tunaamini wangechagua uhuru vilevile. Lakini wangeulizia pia mganga na mwalimu kabla ya kuezeka paa.

Kama nyumbani kwako yupo mzee anayekumbuka miradi ya kujitolea ya mwaka 1962, tafadhali muulize walijenga nini na kiliishia wapi, kisha tutumie ujumbe kama kawaida. Tutasoma simulizi zenu hewani.